Kabla hujafunga boksi la sampuli, jua nani anasaini

Vyuoni kwetu kuna imani iliyoota mizizi kwamba ukishampigia simu wakala wa mizigo, kazi yako imekwisha. Profesa anasema "tuma", mwanafunzi wa uzamivu anatoa mirija kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, wakala anakuja na gari, mzigo unaondoka. Mimi ni mtu wa maabara hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kufunga sampuli zinazokwenda Ulaya na Marekani. Kila anayejiunga na maabara yetu namwambia jambo hili kabla sijamwonyesha choo kilipo: mbele ya sheria za usafiri wa anga, mwenye dhamana ya mzigo ni mtumaji. Mtumaji ndiye anayejua kilichomo, anayekiainisha, anayehakikisha kimefungwa sawasawa na kinachosemwa kwenye karatasi ni kweli. Wakala anakusaidia kubeba tu.

Sheria zenyewe zinashuka kwa ngazi. Umoja wa Mataifa unatoa namba na makundi ya bidhaa hatarishi. ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, inayageuza kuwa masharti ya ndege kupitia Kiambatisho cha 18 cha Mkataba wa Chicago. Kisha IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, inatoa mwongozo ambao mashirika ya ndege yanautumia kila siku, toleo jipya kila mwaka kuanzia tarehe 1 Januari. Hapa nchini msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Ule mwongozo bei yake si ya mchezo, na ndiyo maana utakuta maabara ina toleo la miaka minne iliyopita limekaa juu ya kabati na watu wanalinukuu kwa kujiamini kabisa. Kama chuo hakiwezi kununua jipya, basi angalau mpakue mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu usafirishaji wa vimelea vya maradhi. Huo ni wa bure.

Kwa anayedhani huu ni urasimu tu: tarehe 11 Mei 1996, ndege ya ValuJet namba 592 iliruka kutoka Miami ikaanguka dakika chache baadaye kwenye vinamasi vya Everglades. Watu wote 110 walikufa. Kwenye sehemu ya mizigo kulikuwa na vifaa vya kuzalisha oksijeni vilivyopita muda wake, visivyofungwa vifuniko vyake vya usalama, na karatasi ya mzigo ilivitaja kuwa mitungi mitupu. Havikuwa vitupu. Neno moja la uongo kwenye karatasi, hata liwe la kutojua, rubani hana namna ya kulikagua akiwa angani.

Turudi kwenye sampuli. Kazi ngumu kuliko zote ni kuainisha, na watu huiruka ili wafike haraka kwenye boksi. Usiguse boksi kwanza. Jiulize una nini mkononi. Vitu vyenye maambukizi vina makundi mawili: Kundi A ni vile vinavyoweza kumletea mtu mwenye afya ulemavu wa kudumu au kifo akikutana navyo, Kundi B ni vilivyobaki, na kila kundi lina namba yake ya UN, yaani ya Umoja wa Mataifa. Mfano ninaopenda kuutumia ni kifua kikuu, kwa sababu unakamata watu wengi. Makohozi ya mgonjwa yanayokwenda kupimwa ni Kundi B, UN3373. Bakteria haohao ukishawaotesha maabara, ile chupa ya bakteria hai ni Kundi A, UN2814, na hapo mambo yote yanabadilika: kifungashio chenye alama ya Umoja wa Mataifa iliyothibitishwa, tamko la mtumaji lenye saini, na si kila shirika la ndege litakubali kuupakia. Kimeta ni vilevile, kikioteshwa ni Kundi A. Ebola ni Kundi A kwa sura yoyote, iwe damu ya mgonjwa au kirusi kilichooteshwa. Kwa hiyo mtu akikuuliza "sampuli ya TB inakwenda kundi gani?" jibu sahihi ni swali: ya aina gani?

Halafu kuna njia ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni kupunguza hatari kabla ya kufunga. Matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi ya kunyonya hayabanwi kabisa na masharti haya. Mbu waliokaushwa kwa silika, zile chembe za kufyonza unyevu, wanasafiri kwa raha kuliko mbu walioloweshwa kwenye ethanoli. Na kama lazima ethanoli itumike, watu wa zuolojia wana kifungu chao maalumu, A180: vielelezo visivyo na maambukizi, kila kichupa kisizidi mililita 30, mfuko ndani ya mfuko wenye kitu cha kunyonya, boksi zima lisizidi lita 1 ya kimiminika kinachowaka, na nje paandikwe kwamba ni vielelezo vya utafiti wa kisayansi chini ya kifungu hicho. Nimeona mradi mzima ukihangaika na barafu kavu na gharama zake wakati walichohitaji kule ng'ambo ni DNA, ambayo wangeweza kuitoa hapahapa. Muulize mpokeaji anataka kufanya nini na sampuli kabla hujaamua namna ya kuzituma.

Tuseme sasa ni Kundi B, ambalo ndilo chakula chetu cha kila siku. Ufungashaji ni wa tabaka tatu, chini ya maelekezo namba 650. Mirija isiyovuja ndiyo tabaka la kwanza, na mmoja usizidi lita 1. Kama ni mingi, kila mmoja uviringishwe au utengwe isigongane. Kati ya mirija na kifungashio cha pili weka kitu cha kunyonya, kinachotosha kunyonya kimiminika chote kama mirija yote ikipasuka. Karatasi mbili za kufutia mikono hazitoshi, pima. Mojawapo ya tabaka hizo mbili lazima listahimili tofauti ya mkandamizo ya kilopaskali 95, kwa hiyo kopo la plastiki la siagi halifai hata ukilifunga kwa selotepu mpaka likose pumzi. Orodha ya vilivyomo inakaa nje ya kifungashio cha pili, ndani ya boksi. Boksi lenyewe liwe gumu, na upande mmoja uwe angalau milimita 100 kwa 100, maana pale ndipo alama ya UN3373 inapokaa: mraba uliosimama kwa kona, kila ubavu si chini ya milimita 50. Na ukitumia boksi la zamani, bandua au funika lebo zote za safari iliyopita. Boksi lenye alama za hatari ambayo haimo linakataliwa sawa na lisilo na alama.

Barafu kavu inastahili aya yake. Ni hewa ya ukaa iliyogandishwa kwa nyuzi karibu 78.5 chini ya sifuri, na kilo 1 ikigeuka kuwa hewa inajaza zaidi ya lita 500. Sasa chukua kilo 10, ziweke kwenye chombo kilichofungwa kisiruhusu hewa kutoka. Ni bomu, sina neno jingine. Barafu kavu haiingii ndani ya kifungashio cha pili, inakizunguka kwa nje, na boksi la nje lazima lipumue. Yule anayezungusha selotepu kwenye kila mshono wa boksi jeupe la povu mkamateni mikono. Kuna jambo jingine dogo ambalo watu hulisahau: barafu inapoisha huacha nafasi tupu, na kifungashio cha pili huanza kurukaruka humo ndani. Kiegemeze kwa kadibodi au povu tangu mwanzo ili kibaki mahali pake hata barafu ikikwisha. Nje unaweka lebo ya bidhaa hatarishi za daraja la 9, UN1845, na uzito wa barafu peke yake kwa kilo.

Uzito huo ndio unaorudisha mizigo mingi. Pale kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege, mpokezi ana karatasi yake ya ukaguzi, anaipitia mstari kwa mstari na kalamu mkononi. Mwanafunzi wetu mmoja alifika na boksi zuri, kila kitu mahali pake, ila pale pa kilo pakiwa peupe.

"Dada, barafu ni kilo ngapi?"

"Tulijaza tu mpaka juu, kaka."

"Juu si kilo."

Akalirudisha. Jibu moja la "hapana" kwenye ile karatasi linatosha, na hana ruhusa ya kukuonea huruma. Ilikuwa Ijumaa. Hapo ndipo unapojua kwa nini nasema mzigo wa baridi uondoke Jumatatu au Jumanne: boksi la kawaida hupoteza kilo 2 hadi 5 za barafu kwa siku, na mwisho wa wiki hakuna wa kuongeza, si hapa wala kule uendako. Angalia na sikukuu za nchi ya mpokeaji.

Wazo la "nitabeba mwenyewe kwenye begi" lizikeni. Vitu vyenye maambukizi haviruhusiwi kwenye mizigo ya abiria, wala ya mkononi wala ya kupakia, hata ukiwa profesa mwenye tiketi ya daraja la kwanza.

Vibali vingine nitavipitia haraka kwa sababu kila chuo kina ofisi yake ya utafiti: sampuli za binadamu zinataka makubaliano ya kuhamisha sampuli yaliyopitishwa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu; kemikali zina masharti ya Mkemia Mkuu wa Serikali; vyenye mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomiki; na upande wa pili nao una vyake, kama kibali cha CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kwa vimelea vya maradhi ya binadamu vinavyoingia Marekani. Anza miezi kabla, si wiki.

Mafunzo ya kutuma bidhaa hatarishi sasa. Kwa usafiri wa ndege unatakiwa kurudia kila miezi 24, na ukirudia ndani ya miezi 3 ya mwisho kabla cheti hakijaisha, muda mpya unahesabiwa kuanzia tarehe cheti cha zamani kilipokuwa kiishe, kwa hiyo hupotezi kitu kwa kuwahi. Tangu mwaka 2023 mafunzo yanapangwa kwa kazi mtu anayofanya. Hii ni nafuu kwetu: anayefunga damu na barafu kavu hahitaji kozi nzima ya vilipuzi, ila anayetuma vifaa vya shambani vyenye betri za lithiamu ahakikishe kozi yake inazigusa, maana betri za lithiamu-ioni zinazosafiri peke yake, bila kifaa chake, zimepigwa marufuku kama mzigo kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016. Kabla hujalipia kozi ya mtandaoni, hakikisha inatambuliwa na mamlaka. Na msimpeleke mkuu wa maabara peke yake. Yeye atasaini posho, lakini anayefunga boksi saa kumi jioni ni fundi na mwanafunzi. Hao ndio wapelekwe.

Mwisho kabisa, ile namba ya simu ya mtu wa dhamana inayotakiwa kwenye boksi au kwenye hati ya mzigo. Usiandike ya ofisi ya idara, ambayo baada ya saa tisa na nusu inaita tu. Andika ya mtu anayejua kilichomo ndani, mwambie kwamba umeiandika, na simu yake ikae na chaji mpaka mpokeaji aseme amepata.