Beki na fowadi wa hoki ya barafu, nani mkali?

SWALI: Mie na braza hatuelewani, yeye anasema fowadi Wayne Gretzky ndo mwisho wa maneno, mie nasema beki Bobby Orr. Tunawapimaje?

JIBU: Ukihesabu pointi tu (magoli na pasi za magoli) beki kashaonewa mapema, Gretzky ana 2,857 na Ray Bourque anayeongoza mabeki wote ana 1,579, sasa hapo utalinganisha nini? Mi naangalia mtu kawaacha mbali kiasi gani wenzake wa namba yake. Orr aliongoza NHL nzima (ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada) kwa pointi msimu wa 1969-70 na 1974-75, hakuna beki mwingine aliyewahi, jamaa anachukua paki (kile kisahani wanachopiga badala ya mpira) nyuma ya goli lake anawapita wote mpaka kule mbele, afu anawahi kurudi kukaba! Ila magoti yalimmaliza, mechi 657 tu, Gretzky kacheza 1,487, hapo braza ako ana hoja.