Vifaa vya kliniki ya meno: maswali yenu kutoka Mwanjelwa hadi Kyela

Safari hii karibu wote mlioandika ni wasaidizi wa kliniki na wauguzi, ndo watu wanaoshika hivi vifaa kutwa nzima, kwa hiyo najibu kwa kazi inavyofanyika chumbani.

Dada, kliniki yetu hapa Mwanjelwa ni chumba kimoja, sinki moja. Vifaa vichafu na visafi vinagongana kila saa. Tufanyaje?

Mdogo wangu, udogo wa chumba siyo tatizo, tatizo ni vifaa kutembea pande zote. Chagua upande mmoja uwe wa uchafu, vifaa viende mbele tu: beseni la vichafu, sinki, kitambaa cha kukaushia, sehemu ya kufungashia, mashine ya kuua vijidudu, kabati. Visirudi nyuma hata kama daktari anaita. Bandika selotepu ya rangi kwenye meza kuonyesha uchafu unaishia wapi, na beseni la vichafu liwe na mfuniko na rangi yake, lisibadilishwe kazi. Ukisugua, sugua kifaa kikiwa ndani ya maji, usisugulie bombani maana damu inakurukia usoni, na vaa glavu nzito za usafi, hizi nyembamba za kumhudumia mgonjwa zinatoboka. Kama kituo chenu mnaloweka kwenye Jik, ile ya asilimia 3.5 changanya kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, dakika 10 basi, suuza. Wanaolaza vifaa humo mpaka asubuhi wanavikuta na kutu halafu wanalaumu muuzaji.

Huku Njombe tunachemsha makoleo ya kung'olea meno dakika 20. Umeme ukiwa upo tunatumia otoklevu (mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wenye presha), ukikatika ile ya kuweka kwenye jiko la gesi. Vyote sawa?

Hapana, na hapa naomba msome taratibu, hasa sisi wa nyanda za juu. Kuchemsha hakuui spora za bakteria, yani bakteria waliojifungia kwenye ganda gumu, hata Dar es Salaam ambako maji yanachemka kwa nyuzi 100, sembuse huku. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 94, Njombe mko juu zaidi kwa hiyo yenu yanachemka chini ya hapo. Yani sufuria inatokota kwa fujo unaona kazi imeisha, kumbe joto halijafika popote. Koleo linaloingia kwenye damu ya mtu linahitaji mvuke wenye presha, nyuzi 121, dakika 20 kama vifaa viko wazi, 30 kama vimefungwa, na unaanza kuhesabu joto likishafika siyo ukiwasha jiko.

Sasa ile ya gesi ina jambo ambalo wengi hawaambiwi. Mshale wa presha unapima presha iliyozidi hewa ya nje, na hewa yetu huku ni nyepesi. Paundi 15 (kwa inchi ya mraba) pale Tanga zinakupa nyuzi 121, hapa Mbeya paundi 15 hizohizo zinakupa kama 118 hivi. Ili ufike 121 unahitaji karibu paundi 18. Kwa hiyo kama mashine yako ina kipima joto soma joto, achana na presha. Kama haina, angalia kwanza kitabu chake kinaruhusu presha ipi, na ile valvu ya usalama usiizibe wala kuikaza kwa namna yoyote, aisee hilo ni bomu. Zile za umeme zinazopima joto zenyewe hazina shida hii.

Mengine mafupi: toa hewa yote kabla ya kufunga valvu, makoleo yaingie yakiwa yamefunguka mdomo, na pakiti ikitoka imelowa ihesabu haijawa salama, irudi. Ile tepu inayobadilika rangi inakwambia pakiti imepita kwenye joto tu, haithibitishi kwamba vijidudu vimekufa.

Daktari akiomba koleo natafuta droo nzima, mgonjwa keshapigwa ganzi yuko anasubiri. (Iringa)

Usipange kwa aina, panga kwa kazi. Kioo, probu (kile cha ncha kali cha kupekulia jino) na pinseti ni pakiti moja ya uchunguzi. Ya kung'oa ina hizo tatu, sirinji ya ganzi na eleveta ya kulegezea jino. Makoleo fungasha moja moja na uandike namba nje: 150 meno ya mbele na magego madogo ya juu, 151 ya chini. Magego makubwa ya juu ndo yanachanganya watu, kuna 18R na 18L, kulia na kushoto, mdomo wenye ncha ndo unakaa upande wa shavu. Yaweke rafu mbili tofauti kabisa. Tarehe andika kwenye tepu, siyo kwenye karatasi ya pakiti, wino unapenya.

Kyela joto kali, ganzi nitunze wapi?

Chini ya nyuzi 25, mbali na dirisha. Friji sawa, friza hapana. Wenzenu wa Makete wana shida ya upande wa pili, Juni na Julai simenti ya GIC ya kuzibia meno inachelewa kuganda na kompoziti, ile ya kuzibia yenye rangi ya jino, inakuwa ngumu, itoeni kwenye friji mapema. Kote, kinachoisha muda kwanza kikae mbele.

Boksi la sindano likae wapi?

Karibu na kiti, mkono ufike bila kuinuka. Likijaa robo tatu funga. Kofia ya sindano rudisha kwa mkono mmoja, kofia ikiwa imelala kwenye trei.

Glavu zinatuishia kila mara kabla mzigo haujafika. (Tukuyu)

Jua mnatumia maboksi mangapi kwa wiki, zidisha kwa wiki ambazo mzigo unachukua kufika, ongeza akiba ya wiki mbili, na mvua zile za kwenu ongeza tena. Namba hiyo iandike kwa maka pen kwenye rafu yenyewe. Maboksi yakishuka hadi hapo unaagiza siku hiyohiyo, husubiri mwisho wa mwezi.