Mume anaficha mali na mnatengana: wakili wa kumtafuta ni yupi

Dada, umesema mumeo ameondoka nyumbani, anadai biashara imekufa, na bado unaona matumizi yake hayajapungua. Unauliza utampataje wakili wa kukufaa. Nimepitia hayo, na mara ya kwanza nilikosea.

Wakili wangu wa kwanza aliniambia nililotaka kusikia: tutamkomesha. Nilitoka ofisini kwake moyo umetulia. Miezi 4 ikapita hajaniomba hata karatasi moja, na ndani ya miezi hiyo gari likahamishiwa jina la mdogo wake mume wangu.

Wa pili hakuniahidi kitu. Aliuliza tu. Taarifa za benki za miaka 3 ziko wapi? Ritani za kodi, zile fomu za kutaja mapato kwa watoza kodi, je? Mliwahi kuomba mkopo? Hilo la mkopo lilinishangaza, hadi aliponieleza kwamba mtu akiomba mkopo hutaja kila alichonacho, ila akifika mahakamani hana kitu. Nakala ya fomu yetu ya zamani ya mkopo nilikuwa nayo. Halafu kwenye taarifa ya akaunti yetu ya pamoja akaona malipo madogo ya bima, mwezi uleule kila mwaka. Miaka yote nilikuwa nikiyaona na kuyapita. Ilikuwa bima ya nyumba nyingine, nyumba ambayo sikujua kama ipo.

Kwa hiyo ukienda kuonana na wakili, sikiliza anakuuliza nini. Kisha muulize wewe: amewahi kushika kesi ya talaka yenye kampuni ndani yake? Ana mhasibu wa kuchambua vitabu anayefanya naye kazi? Ataiombaje mahakama imlazimishe mumeo kutaja mali zake kwa kiapo? Na akihofia mali inauzwa, ataomba zuio, yaani amri ya mahakama ya kuzuia isiuzwe, haraka kiasi gani? Hili la zuio usiliache liwe la mwisho, maana kurudisha kilichokwisha uzwa ni kazi ngumu kuliko kukizuia. Hakikisha pia hajawahi kumwakilisha mumeo wala biashara yake.

Muulize gharama bila aibu. Wangu alinishauri niache kufuatilia akaunti moja kwa sababu mhasibu angelipwa zaidi ya kilichomo humo. Iliniuma, lakini alikuwa sahihi, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini kabisa.

Usifungue simu yake wala barua pepe zake kwa nywila ya kubahatisha. Najua kishawishi kilivyo. Katika nchi nyingi ni kosa, na unaweza kugeuka mshtakiwa katika jambo ambalo ulikuwa na haki. Karatasi zilizo nyumbani na zinazokuhusu, toa nakala, uziweke kwa mtu unayemwamini. Usimwambie mumeo unachokijua. Mimi nilimwambia kwa hasira, na wiki ileile akaunti moja ikafungwa.

Kabla hujapiga simu kwa wakili yeyote, chukua karatasi uandike mali zote unazozijua, jina lililo kwenye kila hati, na lini uliiona mara ya mwisho. Chini yake andika majina ya ndugu, washirika na marafiki anaowaamini kwa fedha. Wangu aliianza kazi na ile orodha ya chini.