Sentensi moja niliyoiruka

Juzi usiku nimepokea ujumbe mrefu kutoka kwa msomaji wangu mmoja, binti yuko mwaka wa mwisho chuoni, ameandika "kaka samahani nakusumbua, hivi wewe unawezaje kukaa ukaandika? Mimi nikifungua laptopu niandike ripoti yangu, dakika tano tu nimeshashika simu, na nina video kama 300 nimesevu za kunifundisha kuandika ripoti ila ripoti yenyewe ina kurasa mbili." Nimeusoma mara tatu. Nilitaka nimjibu palepale ila nikaona jibu la mistari miwili halifai, maana ananiuliza kitu ambacho mimi kilinigharimu sana, na nyie wengine mnaonisoma najua kila mmoja ana kazi yake kubwa anayoitaka ikamilike, kwa hiyo acha niseme yote hapa.

Mimi ni mtafsiri, ndo kazi inayonilisha. Miaka mitatu iliyopita nilipewa kutafsiri mwongozo wa mashine, kurasa 184, kazi kubwa kuliko zote nilizokuwa nimewahi kushika. Aliyenipigia debe ni dada mmoja mhariri tuliyefanya naye kazi muda mrefu, yeye ndo aliwaambia wateja mchukueni huyu, hatawaangusha.

Sasa kipindi kile maisha yangu yalikuwaje. Simu iko kulia kwa laptopu, nimeilaza kifudifudi, nikiamini kabisa kwamba kuilaza kifudifudi ndo nidhamu. Kwenye laptopu WhatsApp iko wazi, barua pepe ziko wazi, na kurasa za intaneti siku moja nilizihesabu nikakuta nimefungua 47 kwa wakati mmoja. Magrupu 31. Juu ya hayo nilikuwa najisajili kila mahali kupokea mafunzo ya kutafsiri, ya kujipanga, ya kutumia muda vizuri, asubuhi nakaa nasoma hayo kwanza nikijiambia nanoa panga kabla ya kuingia shambani, nikija kustuka ni saa sita mchana na ukurasa wangu uko vilevile kama nilivyouacha jana.

Siku ya ile sentensi naikumbuka vizuri. Ukurasa wa 96, sehemu ya kusafisha mashine. Nilikuwa nimemaliza sentensi inayosema zima mashine kwenye swichi. Inayofuata ilikuwa ya tahadhari: usifungue mfuniko mpaka taa nyekundu izimike kabisa. Nimeshaisoma, nimeshaielewa, Kiswahili chake kimeshajipanga kichwani, nababaika na neno moja tu, niandike mfuniko au kifuniko. Simu ikatetemeka. Mtu katuma picha kwenye grupu. Nikaangalia, nikacheka, nikajibu, nikaona chini yake kuna linki, nikaifungua, nikasoma nusu, nikaisevu, nikarudi kwenye kazi. Niliporudi akili yangu iliniambia ile sentensi umeshaimaliza. Na kweli nilikuwa nimeshaimaliza, kichwani! Nikaandika inayofuata: fungua mfuniko, toa kichujio, kioshe kwa maji.

Yani mtu akifuata maelekezo yangu anazima swichi halafu anaingiza mkono.

Aliyegundua ni fundi wa upande wa mteja, akiupitia mwongozo kabla haujachapishwa. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Ila walipoanza kukagua na kurasa zingine wakakuta nimeruka sehemu nne zaidi, kazi nikanyang'anywa akapewa mwingine. Na haikuwa kwamba sijui lugha. Hilo ndo lililoniuma, mahali pote nilipoandika nilikuwa nimeandika vizuri.

Yule dada hakunigombeza. Ilikuwa kikao cha kwenye simu, watu sita wanasikiliza, akaongea taratibu kabisa: "Yeye ni mtu wa kujua mambo mengi, shida yake ni kumaliza." Basi. Wakaendelea na mengine. Baada ya hapo ikapita miaka hajanitumia kazi hata ya ukurasa mmoja, na mimi sikuwahi kumpigia kumuomba msamaha kama inavyotakiwa, niliona aibu, na hata sasa nikiandika hapa sauti yake naisikia ileile.

Miezi iliyofuata nilihangaika tu, nilifuta apu, nikazirudisha, nikafuta tena. Nilikuwa najiona mimi ni mtu dhaifu, sina msimamo. Kilichonisaidia kwanza ni kujua kwamba ninachopambana nacho kimetengenezwa na watu wenye akili nyingi kwa kusudi. Kuna jamaa anaitwa Aza Raskin, mwaka 2006 ndo alibuni ule mtindo wa kuskroli usiokuwa na mwisho. Kabla ya hapo ulikuwa unafika chini ya ukurasa, unakuta pa kubonyeza kwenda ukurasa unaofuata, na pale unapobonyeza unapata sekunde moja ya kujiuliza, hivi naendelea au nimetosheka? Hiyo sekunde ndo imeondolewa. Yeye mwenyewe baadaye alijitokeza hadharani akasema anajutia. Na Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni ya Facebook, mwaka 2017 alieleza wazi kwamba walipokuwa wanaijenga wazo lilikuwa ni namna gani wachukue muda wako na umakini wako mwingi iwezekanavyo. Kwa hiyo wewe unayejichukia kwa sababu umekaa saa tatu kwenye simu, acha kujichukia, hiyo nguvu itumie kwenye kujilinda.

Halafu nikaja kuelewa ile sentensi yangu ilipotelea wapi. Mtafiti anaitwa Sophie Leroy mwaka 2009 alionesha kwamba mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya akili yake inabaki kule alikotoka, hasa kama hakuimaliza. Kwa hiyo mimi nilivyorudi kwenye ukurasa wa 96, macho yamerudi ila kichwa bado kiko kwenye ile linki niliyosoma nusu. Na Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, ambaye amefuatilia watu kazini kwa miaka mingi, alikuta mtu akikatishwa kazi anachukua kama dakika 23 kabla ya kuirudia ileile, maana katikati hapo anapitia kazi zingine kwanza. Huyohuyo mwaka 2004 alikuta mtu anakaa kwenye skrini moja wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhamia nyingine, miaka ya karibuni imeshuka mpaka kama sekunde 47. Sekunde 47 huwezi kutafsiri hata aya moja ya maana.

Sasa nije kwenye nilichofanya. Nilichukua simu nikaipeleka chumba kingine, kwenye droo, chini ya mashuka. Sio mfukoni, sio kwenye begi pembeni ya kiti, chumba kingine. Mwaka 2017 kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin waliwapa watu majaribio ya akili, wengine simu ziko mezani, wengine ziko mfukoni au kwenye mkoba, wengine wameziacha chumba kingine, zote hazitoi mlio, na walioacha chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nazo mezani. Mimi hilo nimelishuhudia kwenye mwili wangu. Nilifungua daftari mbele yangu, nikasema kila nikijikuta naitafuta simu nachora kijiti kimoja. Mkono ulikuwa unaondoka wenyewe, unaenda kulia, unapapasa meza pale simu inapokaaga, unakuta mbao tupu, ndo nastuka. Siku ya kwanza mpaka saa saba mchana nilikuwa na vijiti 58.

Siku ya tatu nikaanza kuandika pembeni ya kila kijiti nilikuwa nafanya nini wakati mkono unaondoka. Na hapa ndo naomba unisikilize vizuri mdogo wangu uliyenitumia ujumbe, kwa sababu hiki sijafundishwa na video yoyote. Karibu vyote vilikuwa vimekaa mahali pagumu. Neno silijui, kijiti. Sentensi ndefu haikai, kijiti. Aya inahitaji niifumue nianze upya, vijiti viwili. Zile kurasa nyepesi zinazoteleza, hamna kitu. Kumbe hata simu iliyotetemeka siku ile ilinikuta nimekwama kwenye mfuniko na kifuniko, ikanipa mlango wa kutokea. Nilikuwa nakimbia pagumu. Kila mara kazi ilipofika pale inapohitaji mimi niteseke kidogo, nilikuwa naondoka.

Na zile video zako 300 ni mlango huohuo. Usichukie nikikwambia hivi, mimi nilikuwa nazo 412, nikijumlisha na makala na mafunzo. Ukisevu kitu unapata raha kama ya mtu aliyefanya kazi, moyo unatulia, unasema nimeshakipata nitakiangalia, na ripoti iko palepale kurasa mbili. Herbert Simon, mwanauchumi wa Marekani, alilisema hili tangu 1971, kwamba taarifa zinakula umakini wa anayezipokea, kwa hiyo zikiwa nyingi umakini ndo unakuwa haba. 1971! Wakati huo hakuna mtu mwenye simu mfukoni. Sasa wewe una maktaba nzima kiganjani unategemea umakini ubaki wapi? Unalishwa asubuhi mpaka usiku, hutafuni, unameza tu.

Nilizifuta zote 412 jioni moja. Sikuzipitia kuchagua, maana najua ningeanza kuzipitia ningekesha. Sijawahi kuikumbuka hata moja kwa jina, na hilo lilinisikitisha kuliko vijiti.

Watu wananiuliza njia, wanataka orodha. Kwa kweli orodha yangu ni fupi: simu chumba kingine. Nikiwa nafanya kazi kuna kilichofunguliwa kimoja tu mbele yangu, na karatasi pembeni, wazo likinijia la kutafuta kitu mtandaoni naliandika kwenye karatasi, nalitafuta nikimaliza, na nusu ya hayo mawazo nikija kuyasoma jioni nakuta hayana maana yoyote. Nikilazimika kuinuka katikati ya sentensi naandika kwa kalamu "nimeishia hapa, bado sijaiandika", siiamini tena akili yangu kunikumbushia. Kuna ile njia ya kufanya kazi dakika 25, kengele ikilia unapumzika kidogo, aliyoianzisha mwanafunzi wa Kiitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 80, wengi inawasaidia, mimi ilinikataa, kengele inalia ndo kwanza nimeanza kuzama, kwa hiyo natumia 50. Jaribu zote mbili. Na simu chumba kingine, narudia, maana najua utasoma yote haya halafu utaiacha mezani kifudifudi kama mimi.

Kuna atakayesema mimi nina mtoto, nina mzazi mgonjwa, siwezi kukaa mbali na simu. Nakuelewa, na mimi nina watu wangu. Nimeweka namba mbili tu zikipiga simu inalia kwa nguvu nasikia kutoka chumba kile, zingine zote kimya mpaka saa kumi na moja jioni. Mwanzoni watu walininunia, kuna rafiki alisema siku hizi najidai, akaacha kabisa kunitafuta. Imeniuma ila sijarudi nyuma. Mtu anayetaka ujibu ndani ya dakika mbili kila siku ya maisha yako, huyo anakutumia kama kengele ya mlangoni, na lazima ufike mahali uwe tayari kuonekana mbaya, hamna kazi kubwa iliyofanywa na mtu anayepatikana muda wote.

Mwezi uliopita yule dada mhariri alinitumia kazi. Baada ya miaka yote hiyo, ujumbe mfupi, "una nafasi?" Kurasa 212, mwongozo tena. Nilimaliza siku tatu kabla ya muda, na kabla ya kuituma niliikagua sentensi kwa sentensi nikiwa na rula juu ya nakala ya karatasi, nashusha mstari mmoja mmoja. Wiki iliyopita amerudisha majibu, hakuna kilichorukwa. Ameandika neno moja, "Kamili." Sijui kama anakumbuka alichosema kwenye kile kikao. Mimi neno lake nimelikata nikalibandika ukutani.

Kwa hiyo mdogo wangu, kesho asubuhi kabla hujafungua kitu chochote, peleka simu chumba kingine, fungua ripoti yako ukurasa wa tatu, andika. Utafika pagumu ndani ya dakika kumi, na mkono utaondoka. Chora kijiti, kaa hapohapo. Ukiumaliza huo ukurasa niandikie, nitakujibu saa kumi na moja jioni.