Kinanda kinapopanda bodaboda kuondoka

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa miaka tisa anafundishwa kinanda hapa nyumbani Nkuhungu, Dodoma, kila Jumamosi saa nne mpaka saa tano, shilingi 15,000. Mwalimu huja na kinanda chake mgongoni kwa bodaboda. Miezi mitatu sasa, mtoto anajua wimbo mmoja tu, nao anaupiga kwa kufuata namba alizoandikiwa kwa maka peni kwenye vitufe. Baba yake anasema tunatupa hela, tubadilishe mwalimu. Tena babu yake wa Mvumi ni mpiga zeze, mtoto akienda huko anashinda naye. Je, zeze halitamchanganya?
Mama wa Nkuhungu

JIBU: Marahaba, mama. Nimekwama kwenye hiyo bodaboda yako. Saa nne kinanda kinaingia, saa tano kinapanda pikipiki kinaondoka. Ukijumlisha Jumamosi zote hizo, mwanao hajakaa na kinanda hata kwa muda wa siku moja, mchana na usiku wake. Hapo hata umlete nani, wimbo utakuwa mmoja. Na mwalimu usimlaumu kwa kutokukiacha. Huenda ndicho kinachomlisha Jumapili kanisani na kwenye harusi.

Mimi nilianza bila kinanda nyumbani. Kilikuwepo kimoja tu kanisani, cha kukanyaga kwa miguu, na ufunguo aliukalia mzee wa kanisa. Kaka yangu akanichorea vitufe kwenye karatasi ya manila, nikawa nabonyeza mezani huku naimba mwenyewe do, re, mi. Mama alidhani nimerukwa na akili. Nawe mchoree mwanao: vitufe saba vyeupe vienee katika sentimita 16 na nusu, vyeusi vitano juu yake, viwili kisha vitatu. Rudia mara mbili, atapata nafasi ya mikono yote. Robo saa kila jioni inamtosha, na aimbe, maana manila haina sauti.

Zile namba, mwombe mwalimu azifute. Mtoto anayefuata namba anasoma tu, hasikii. Mweke mbele ya kinanda kisichoandikwa uone kama atajua pa kuanzia. Wanakwaya wetu wengi hawajawahi kugusa kinanda, lakini wape solfa, zile do, re, mi za kuimbia, na waimbaji wa besi na wa tenor wanakamata sauti zao jioni hiyohiyo. Mwanao naye aimbe kwanza, ndipo apige.

Kabla ya kumbadilisha mwalimu, mwulize swali moja: "Mpaka Jumamosi ijayo, afanye nini?" Akikutajia mkono gani, kipande kipi, mara ngapi, mshikilie. Akikuambia "tutaendelea tulipoishia", basi baba watoto ana hoja.

Hela ikipatikana, tafuta chenye vitufe 61 vya ukubwa wa kawaida, kinachokubali betri, maana umeme unaujua. Vile vya kuchezea vinavyolia kama ng'ombe na kuku viache dukani. Na kifunike kwa khanga. Vumbi letu la kiangazi linaingia hata pasipo na tundu.

Sasa zeze. Kumchanganya? Hapana! Ila jua kwamba zeze na ilimba (ile ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) za Kigogo zina mpangilio wake wa sauti, na baadhi ya sauti hizo zinadondokea kati ya kitufe na kitufe. Siku moja atarudi kutoka Mvumi autafute wimbo wa babu kwenye kinanda, aukose, alie kwamba kinanda ni kibovu. Mwambie amesikia vizuri. Asimwombe babu akaze uzi ili ufanane na kinanda. Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo wa kijiji cha Doda, alizunguka dunia na zeze na ilimba vilevile vilivyo, watu wakamfuata yeye.

Likizo ya Juni mpeleke kwa babu. Manila ibaki Nkuhungu.