Maswali ya wasomaji: saundi kadi ya USB kwenye OpenBSD

SWALI: Asalaam aleikum, ndugu zetu. Tunarekodi kasida na dufu hapa Ngamiani, na laptopu yetu inatumia mfumo endeshi wa OpenBSD. Tumepata saundi kadi ya mtumba yenye matundu mawili ya maiki. Muuzaji anakubali tuijaribu dukani kwake, ila si zaidi ya robo saa. Tuangalie nini?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam. Robo saa inatosha mkienda mmejiandaa. Chukueni laptopu ileile mtakayorekodia, waya wa USB mnaouamini (nyaya nyingi za kuchajia simu hazipitishi data), waya mfupi wenye jeki ya milimita 6.35 kila upande, hedifoni, na faili la WAV la dakika moja ambalo sauti inaanza kushoto kisha inahamia kulia.

Maandalizi ya nyumbani ni mawili. Kwanza andikeni uname -r mjue toleo la mfumo wenu. Draiva ya saundi kadi za USB, iitwayo uaudio, iliandikwa upya, na toleo la 6.5 la mwaka 2019 ndilo la kwanza kuelewa daraja la pili la kiwango cha sauti cha USB. Chini ya hapo, sasisheni mfumo kabla ya kutoa shilingi yoyote. Pili, mkiwa root (akaunti ya msimamizi wa mfumo), andikeni sysctl kern.audio.record=1; mkizima laptopu njiani, irudieni dukani. Sababu yake iko kwenye jibu linalofuata.

Dukani, chomekeni moja kwa moja kwenye laptopu, bila habu (kifaa cha kugawa tundu moja la USB kuwa mengi), kisha andikeni dmesg | tail, amri inayoonyesha ujumbe wa mwisho wa mfumo. Mstari mnaoutafuta unafanana na huu:

uaudio0: class v2, high-speed, async, channels: 2 play, 2 rec, 3 ctls

Chini yake utakuja audio1 at uaudio0. Someni hesabu ya chaneli kwa makini: ikiandika 2 play, 0 rec, mfumo haujaona upande wa kurekodi, na nyinyi ndio mnaoutaka. Badala ya uaudio mkiona ugen0, mfumo umeona kuna kifaa lakini hakuna draiva iliyokitambua. Hapo rudisheni kifaa, maana kina lugha yake ya kiwandani, na OpenBSD haipokei draiva za Windows.

Mkikuta class v1 msikate tamaa. Kifaa cha daraja la kwanza kwa kawaida hutuma pakiti kila milisekunde, na pakiti moja haizidi baiti 1023. Chaneli mbili za biti 24 kwa kHz 48 zinahitaji baiti 288 tu. Kwa kHz 192 zingehitaji 1152, ambazo haziingii. Kwa sauti za watu na dufu, kHz 48 inatosha kabisa, na sisi hatuoni haja ya kulipia zaidi.

Sasa jaribio lenyewe. Kwa kuwa dmesg imesema audio1, elekezeni huko sndiod, programu inayogawa sauti kwa programu nyingine, mkiwa root:

rcctl set sndiod flags -f rsnd/0 -F rsnd/1
rcctl restart sndiod

Laptopu yenye sauti ya HDMI huenda ikakipa kifaa namba 2. Fuateni namba ya dmesg. Ungeni tundu la kutolea sauti la kwanza na tundu la kuingizia la kwanza kwa ule waya wa jeki, zimeni volti 48 (umeme ambao kifaa huilisha maiki ya kondensa), zimeni swichi ya gitaa, shusheni geini (kipimo cha kukuza sauti inayoingia) hadi chini, kisha rudini kwenye akaunti ya kawaida na muandike:

aucat -i jaribu.wav -o rudi.wav

Amri hiyo inacheza na kurekodi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo vifaa vingi vibovu huumbuka. Pandisheni geini taratibu hadi taa ya kijani iwake. Wakati inaendelea, fungueni dirisha jingine kama root na muandike audioctl -f /dev/audioctl1 play.errors record.errors. Namba zibaki sifuri. Zikipanda, data inachelewa njiani. Badilisheni tundu la USB kabla ya kulaumu kifaa. Dakika ikiisha, simamisheni kwa Ctrl na C, sikilizeni rudi.wav, kisha rudieni kwa tundu la pili.

Kosa linaloponza wengi dukani ni kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, kile kinachoandikwa DIRECT. Kikiwa kimewashwa, sauti ya maiki inapita ndani ya kifaa hadi kwenye hedifoni bila kugusa kompyuta. Unasikia safi, unalipa, unafika nyumbani faili halina kitu. Kizimeni muda wote wa jaribio.

SWALI: Shikamooni. Saundi kadi yangu inacheza muziki vizuri, lakini nikirekodi napata faili kubwa lisilo na sauti. Je, imekufa?
Mwanafunzi, Magomeni, Bagamoyo

JIBU: Marahaba. Huenda ni nzima kabisa. OpenBSD hufunga kurekodi makusudi ili programu isikusikilize bila ridhaa yako: kern.audio.record ikiwa 0, programu inapokea sifuri tupu, na faili linakua kama kawaida, takriban MB 11.5 kwa dakika kwa chaneli mbili za biti 16.

Kuhakikisha, weka geini katikati, rekodi sekunde tano, kisha andika hexdump -C faili.wav | head. Ukiona sifuri na alama ya nyota, yaani mistari inajirudia ileile, kizuizi ni cha mfumo. Fungua kwa sysctl kern.audio.record=1, na uandike kern.audio.record=1 ndani ya /etc/sysctl.conf ili ibaki hivyo baada ya kuwasha upya. Ukiona namba ndogondogo zinazobadilika, data inafika lakini maiki haitoi kitu. Maiki ya kondensa haifanyi kazi bila volti 48: shusha sauti ya hedifoni, bonyeza kitufe, subiri sekunde chache.

Jambo jingine: usichezeshe sauti kwa akaunti yako huku ukirekodi kama root. Mtumiaji wa kwanza akishaishika sndiod, wa pili hukataliwa.

SWALI: Maiki inanguruma, na kila baada ya muda sauti inakatika "tak". Natumia habu ya matundu manne.
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Hayo ni matatizo mawili. Mkatiko anza kuutafuta kwenye habu. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500. Habu isiyo na umeme wake inazigawa kwa kipanya, flashi na saundi kadi yenye volti 48. Chomeka kifaa kwenye laptopu, vingine ndio viende kwenye habu.

Ngurumo ichunguze kwa kuchomoa chaja. Ikiisha, chanzo ni umeme wa ukutani wa hezi 50, mara nyingi kwa sababu adapta ya pini mbili imeikosesha laptopu waya wa ardhini. Tafuta waya wa pini tatu, au rekodi kwa betri. Isipoisha, angalia jeki: hewa ya chumvi ya pwani yetu huzila haraka. Zifute kwa alkoholi ya isopropili, na hifadhi kifaa kwenye kopo lenye vipakiti vya silika.

SWALI: Edirol UA-25 ya zamani itakubali?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Ina swichi ya ADVANCE. Iweke OFF kabla ya kuchomeka, maana ikiwa ON inadai draiva ya kampuni. Ukibadilisha swichi, chomoa waya na uchomeke upya, la sivyo kifaa kitabaki katika hali ya awali.