"Gram" ndiye Graham: kwa mnaoanza ukalimani wa simu

Wengi wanaoingia kwenye ukalimani wa simu huja wamejiandaa kwa magonjwa na sheria. Wana daftari lenye kongosho, dhamana, rufaa, shinikizo la damu. Simu ya kwanza inalia, muuguzi anajitambulisha haraka haraka, na kinachowaangusha ni jina lake.

Neno la kawaida likikuponyoka, maneno ya jirani hulirudisha. Ukisikia "kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula", hata jina la kidonge likimezwa unajua kinachozungumziwa. Jina la mtu halina msaada huo. Hakuna kitu kabla wala baada yake kitakachokuambia kama aliyejitambulisha ni Aaron au Erin. Na mteja wako atakapofika mapokezi Jumanne ijayo, hilo ndilo neno pekee atakalohitaji kulitamka.

Sisi tuliotoka Tanzania na Kenya tuna mtego wetu wa ziada: tunadhani majina haya tunayajua. Tumekua na kina Pita, Edga, Jenifa, Maiko na Antoni. Lakini sikilizeni vizuri, hayo ni matamshi ya upande mmoja. Yametufikia kupitia Kiingereza cha Uingereza, ambako wengi hawaitamki r ya mwisho, nasi tukaiacha hukohuko walikoiacha wao. Ukimpata Mmarekani kwenye laini, Pita wako amebadilika sehemu mbili: r imerudi mwishoni, na t ya katikati imelegea hadi karibu na d.

Nikae kidogo kwenye hiyo t, maana ndiyo inayowasumbua wapya kuliko kitu kingine chochote upande wa Marekani. Mmarekani anapoitamka t iliyo kati ya irabu mbili, ulimi hugusa juu mara moja na kuondoka. Kwake yeye hiyo bado ni t. Kwa sikio la Mwingereza inafanana na d. Kwa sikio letu mara nyingi ni r kabisa, kwa sababu r ya Kiswahili nayo ni mguso huohuo mmoja wa ulimi. Kwa hiyo Betty anakujia kama "Beri", na Katie kama "Keri". Patty na Paddy wanakuwa mtu mmoja. Sasa fikiria kwamba Kerry na Carrie nao wapo, na Wamarekani wengi hawawatofautishi hao wawili. Ukiandika ulichosikia, una majina matatu kwenye karatasi yanayofanana na hata moja huna uhakika nalo.

Aaron na Erin niliowataja hapo juu ni wa kundi hilohilo. Kwa Wamarekani wengi, a na e zikifuatwa na r zimeungana. Mwingereza huzitenganisha bila shida na hushangaa unapomuuliza.

Ukielekea magharibi mwa Marekani, au Kanada, utakutana na Don na Dawn. Don ni mwanamume, Dawn ni mwanamke, na huko wanatamkwa sawasawa. Kwa Kiswahili hilo halituumizi, tunasema "yeye" na maisha yanaendelea. Shida inaanza mteja anapojibu: "Don aliniambia nisubiri." Sasa unarudi kwenye Kiingereza, na sentensi inayofuata inakutaka uchague jinsia. Usikisie. Rudia jina lenyewe badala ya kiwakilishi hadi uhakikishe. Kiingereza chako kitasikika kizito kidogo, na hakuna atakayelalamika.

Kusini mwa nchi hiyo, kuanzia Texas kuelekea Georgia, e na i zinakutana mbele ya n. Ben anakuwa "Bin", Jenny anaingia kwenye nafasi ya Ginny. Hilo hujifunzwa haraka.

Kuna mengine ambayo ni ya kuzoea tu, hayana kanuni ya kukusaidia. Craig wa Uingereza ni "Kreig", wa Marekani ni "Kreg". Graham wa Uingereza ana silabi mbili, "Gre-yam", na wa Marekani anabanwa hadi anakuwa "Gram", kama kipimo cha uzani. Bernard na Maurice hubadili mkazo: Mwingereza hukazia mwanzo, Mmarekani hukazia mwisho, na Maurice anatoka "Moris" anakuwa "Moriis". Anthony kwa Mwingereza huwa na t kavu kama Antoni wetu. Mmarekani huweka th ya "thamani". Colin nchini Uingereza ni "Kolin", ila Jenerali Colin Powell, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani kuanzia 2001 hadi 2005, alijulikana kama "Koulin", ingawa wazazi wake walitoka Jamaika. Hata ndani ya nchi moja usitegemee maandishi: mwigizaji Ralph Fiennes, Mwingereza, jina lake la kwanza ni "Reif".

Herufi a kwenye majina yenye sura ya kigeni ina tabia yake. Mmarekani hupenda kuifungua: Tanya anakuwa "Taanya", Barack anakuwa "Baraak" wenye mkazo mwishoni. Mwingereza huibana, na mkazo anaweza kuurudisha mbele. Tara naye anafanya kinyume, "Taara" kwa Waingereza wengi na "Tera" kwa Wamarekani wengi. Msitafute mantiki.

Kwenye laini za Uingereza jiandaeni kwa konsonanti zinazopotea. Katika mazungumzo ya London t ya katikati inaweza kukatwa kooni, Katie akawa "Kei-i" yenye kikwazo kidogo katikati. L ya mwisho inageuka irabu, Paul anabaki kama "Poo", na Michael anakuwa Maiko tunayemjua nyumbani. Th inakuwa f: Ruth ni "Ruf", Beth ni "Bef". Ireland hiyohiyo th mara nyingi inageuka t, kwa hiyo Beth huyohuyo ni "Bet". Uskoti wana r iliyo wazi, tamu kwa masikio yetu, lakini huweza kuingiza kairabu kabla ya l, na Carl akasikika kama Carol. Mwanamume na mwanamke tena.

Halafu kuna r isiyokuwepo. Waingereza wengi, jina likiishia na a na neno linalofuata likianza na irabu, hupachika r katikati. Daktari akitaja Anna na mwenzake kwa pumzi moja, utasikia "Anar". Usiiandike hiyo r. Ni ya kuunganishia tu, si ya jina. Australia wana balaa linalokaribiana na hilo: kuna jina la kike Peta, la kawaida kabisa huko, na linatamkwa sawa na Peter.

Australia nawaomba muipe muda wenu, maana Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili wamehamia huko na simu zao zitawafikia. Irabu "ei" huko inaelekea "ai". Kate anasikika "Kait", Dave anasikika "Daiv". Hilo si gumu kulijua. Ugumu unakuja unapoomba utajiwe jina herufi kwa herufi, kwa sababu herufi A yenyewe inatamkwa kwa irabu hiyohiyo, na wewe mgeni unaandika I. Melbourne na jimbo lote la Victoria kuna wasiotenganisha e na a mbele ya l, hivyo Ellen na Allan wanagongana. New Zealand wamezisogeza irabu zao kwa mpangilio mwingine: Jack ni "Jek", Ben anakaribia "Bin", Tim anakuwa na irabu fupi butu ambayo sisi hatuna, na Claire anaweza kuwa "Klia". Ukipewa simu ya New Zealand siku ya kwanza, pole.

Majina ya Kiayalandi yanahitaji onyo la peke yake, kwa sababu humo macho ndiyo yanayodanganya. Siobhan ni "Shivoon". Niamh ni "Niiv". Aoife ni "Iifa". Caoimhe ni "Kwiiva" upande wa kusini, na kaskazini ni "Kiiva". Mwigizaji Saoirse Ronan hujiita "Sasha" yenye r kidogo katikati, na wapo wenye jina hilohilo wanaosema "Siirsha". Tahajia inafuata kanuni za lugha ya Kiayalandi, ambayo si Kiingereza. Mkiona jina la namna hiyo kwenye barua ya hospitali mnayotakiwa kumsomea mteja, muulizeni aliyepo kwenye laini kabla ya kufungua kinywa.

Sasa tufanye nini? Wapo wakufunzi wanaoamini dawa ni kusikiliza redio za kila nchi hadi sikio lizoee. Fanyeni, haidhuru. Lakini mimi siamini kwamba sikio peke yake linatosha, kwa sababu Don na Dawn hawatatengana hata usikilize miaka kumi. Omba herufi. Omba mwanzoni kabisa, kabla daktari hajaanza kueleza ugonjwa, kwa kanuni yetu ileile ya kujitaja kwa nafsi ya tatu: mkalimani anaomba herufi za jina lako. Ukiomba mwanzoni ni utaratibu. Ukiomba katikati ya habari mbaya ni usumbufu.

Na herufi zenyewe zina mitego. Mwingereza akitaja R anasema "aa", na mtu aliyesoma a, e, i, o, u za Kiswahili anaandika A mara moja. E yao ni "ii", I yao ni "ai". Z ni "zedi" kwa Mwingereza na "zii" kwa Mmarekani. H utaisikia "heich" kwa Waayalandi. Herufi ikirudiwa watasema "dabo". Dawa yake ni alfabeti ya marubani iliyoanza kutumika kimataifa mwaka 1956: Alfa, Bravo, Charlie na kuendelea. Waliobuni waliwafikiria watu kama sisi. Alfa iliandikwa kwa f, na Juliett ikapewa t mbili ili Mfaransa asije akaimeza. Ichapisheni, ibandikeni ukutani mbele ya meza.

Kwenye karatasi wekeni safu mbili, ya kwanza herufi kama zilivyotajwa, ya pili sauti kwa tahajia ya Kiswahili. Hapa tuna bahati kuliko wenzetu wengi: tunaandika tunavyotamka, kwa hiyo "Graham, Gram" inatosha kukukumbusha mazungumzo yote. Simu ikiisha, chana karatasi hiyo. Majina ya wateja na madaktari hayalali mezani kwako.

Unapomrejea mteja, tamka jina kama mwenyewe alivyojitaja. Akisema "Kreg", mpe "Kreg", hata kama wewe umemzoea "Kreig". Lafudhi yake nzima usiiige, binafsi sipendi kabisa mkalimani anayeigiza. Inasikika kama dhihaka. Chukua jina tu.

Njia ya kurudi nayo ina kazi yake. Mkongo au Mrundi anayeitwa Jean ni mwanamume, na jina lake limetoka Kifaransa. Karani wa Marekani akiliona kwenye orodha anaita "Jin", jina la kike, na mwenye jina amekaa palepale kwenye kiti bila habari kwamba ameitwa. Guy kwa Kifaransa ni "Gi", kwa Kiingereza ni "Gai". Said wa Mombasa au Unguja anaweza kusomwa "Sed", kwa sababu kuna neno la Kiingereza lenye herufi hizohizo. Asha atabanwa a yake London na kufunguliwa California. Mteja akishajitaja, litamke jina lake taratibu kwa karani, taja herufi, na pale inapohitajika sema kwamba mkalimani anafafanua matamshi. Kisha mweleze mteja kwa Kiswahili ulichomwambia karani, asije akadhani mnamsengenya. Ila usimrekebishe mteja mwenyewe. Wapo kina Jean walioamua kuwa John tangu waliposhuka kwenye ndege, na huo ni uamuzi wao.

Jambo la mwisho ni kwa wateja wasiosoma, nao si wachache. Kwao herufi hazina maana, na sauti uliyowapa itapinda kidogo kabla ya Jumanne. Waombeeni cheo na idara pamoja na jina: Kreg, muuguzi wa kisukari, ghorofa ya pili. Kama muuguzi yuko tayari, mwombe aiandike kwenye kadi ya miadi, naye mteja aitoe mapokezi bila kutamka chochote.